Usitundike ulichonacho: jibu kwa mchoraji wa nyuso mwenye miaka 16

Swali

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 16. Nilianza kuchora nyuso za watu nikiwa na miaka 11, mwanzo kwa penseli, kisha akriliki, na sasa natumia rangi za mafuta. Nachora kutoka kwenye picha za simu. Nina kazi zaidi ya hamsini. Nimepewa ukumbi mdogo kwa wiki mbili nifanye maonyesho yangu ya kwanza ya peke yangu, na imebaki miezi minane. Kila anayeona picha zangu husema 'ni yeye kabisa!', ila mwalimu wangu wa sanaa anasema zimekauka, na nikimuuliza anajibu nitafute mwenyewe. Zimekaukaje? Je, nitundike zote ili watu waone nilivyokua? Bango liandikwe umri wangu? Na kuna mtu anataka kuinunua picha ya bibi yangu kabla ya maonyesho, nimuuzie?"

Jibu

Marahaba, mwanangu. Miezi minane ni muda mzuri, mradi usiumalize katika kuchagua. Utumie kuchora. Kati ya hizo hamsini na ushee sitashangaa zikiingia ukumbini tatu au nne tu. Nyingine za kutundika bado hujazichora. Maonyesho ya kwanza ya wachoraji wengi wa umri wako huharibikia hapo: mtu anapewa kuta, anakusanya kila kilichomo chini ya kitanda, anakitundika, na mgeni anatoka akijua tu kwamba kijana ana bidii. Bidii ni jambo la heri, lakini haihitaji ukumbi.

Tuanze na hilo la kukauka, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Picha zako sijaziona, ila umenitajia jambo moja linalonitosha: unachora kutoka kwenye simu. Lenzi ya simu ni pana. Mtu akipigwa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, pua yake iko karibu na lenzi kuliko masikio, kwa hiyo pua inavimba, masikio yanakimbilia nyuma na mashavu yanabonyea. Wewe unainakili picha hiyo kwa uaminifu wote, na bila kujua umeunakili umbali mbaya. Wanaosema "ni yeye kabisa" wanasema kweli kwa namna yao, kwa sababu na wao wamezoea kumwona hivyo hivyo kwenye simu. Picha imefanana na picha. Mwenyewe hajaingia hapo.

Kisha kuna vivuli. Kamera ikiutunza mwanga wa paji la uso, chini ya taya panakuwa shimo jeusi. Ikikitunza kivuli, paji la uso linaungua na kubaki jeupe tupu. Programu za simu za siku hizi hujaribu kuponya hilo kwa kuchanganya picha kadhaa kuwa moja, na matokeo yake ni uso ambao hauna kivuli cha kweli wala mwanga wa kweli. Ukikaa mbele ya mtu mwenyewe unaona kingine kabisa. Ndani ya kile kivuli cha shingo kuna rangi ya shati inayorudi juu na kuligusa taya kwa chini. Ni mwanga hafifu, lakini ndio unaolifanya taya lizunguke na kurudi nyuma badala ya kukatika kama karatasi.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni ukali wa kingo. Simu hunoa kila kitu: unywele wa panja unakuwa mkali sawasawa na mboni, kitufe cha shati sawasawa na mdomo. Jicho la binadamu halitazami hivyo. Linatua mahali pamoja na kwingine kote kunalegea. Mchoraji aliyezoea kuchora watu walio mbele yake huweka ukingo mkali sehemu mbili tatu tu, kwa mfano pale kope inapokutana na mboni au pale pembe ya mdomo inapoingia ndani. Sehemu nyingine anaziacha nywele ziyeyukie ukutani na bega lizame kwenye giza. Nadhani hiki ndicho anachokiona mwalimu wako. Picha ambayo kila sehemu yake imekamilika kwa kiwango kimoja haimwachii mtazamaji kazi yoyote.

Chukua jicho, maana najua ndiko unakoanzia; wachoraji wote wa umri wako huanzia kwenye jicho. Pengine unachora lile duara la rangi likiwa kamili, weupe ukiwa mweupe, ukope mmoja mmoja kama meno ya kitana, na nukta nyeupe katikati ya mboni. Sasa kaa mbele ya kioo, taa moja tu ikiwa upande mmoja. Utaona kope ya juu imelifunika lile duara kwa juu, kwa hiyo huoni duara kamili. Weupe wa jicho ni wa kijivu, na sehemu yake ya juu imelala ndani ya kivuli cha kope hata inaweza kuwa na giza kuliko ngozi ya shavu iliyo kwenye mwanga. Kope ya chini ina unene: kuna ukingo mwembamba wenye unyevu unaoshika mwanga, ambao kwenye picha za wanaoanza haupo kabisa. Nywele za kope hazihesabiki, kwa mbali ni mstari mzito wenye ukingo laini. Ile nukta ya mwanga hukaa upande taa iliko, karibu na kope ya juu, na mara chache sana huwa nyeupe tupu. Ukilichora hivyo, jicho linaingia ndani ya fuvu lilikokaa. Ukilichora kwa ile namna ya mwanzo linaelea juu ya uso, hata kama umelifanyia kazi siku nzima.

Kwa hiyo simu iweke kando miezi mitatu ya kwanza. Simaanishi kwamba picha za kamera ni haramu. Wachoraji wakubwa wamezitumia tangu kamera ilipovumbuliwa. Ninachosema ni kwamba anayejua uso halisi huichukulia picha kama kumbukumbu na huongeza mwenyewe yaliyopotea. Asiyeujua hana cha kuongeza. Baadaye ukilazimika kupiga, simama mita mbili hivi kutoka kwa mtu na ukuze kwa lenzi ya mbali kama simu inayo, tumia mwanga wa dirisha moja, na zima urembo wote wa programu.

Anza na mtu asiyechoka wala asiyelipwa, yaani wewe mwenyewe. Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alijichora kwenye kioo mwaka 1484 akiwa na miaka 13, kwa kalamu ya fedha, chombo ambacho mstari wake haufutiki. Mchoro huo bado upo kwenye jumba la Albertina mjini Vienna, na yeye mwenyewe aliongeza maandishi baadaye kwamba alijichora kwa kutazama kioo alipokuwa bado mtoto. Utazame uone mkono ulivyomsumbua. Rembrandt wa Uholanzi, alipokuwa katika miaka ya ishirini na ushee, alibadilibadili sura yake kwenye kioo na kuichonga kwenye bamba za shaba: ameshtuka, amekunja uso, anacheka. Zile za mwaka 1630 ni ndogo, nyingine hazizidi kiganja. Hakuwa anajisifu sura. Alikuwa anajifunza msuli upi unavuta nini, na alifanya hivyo kabla hajawa tajiri wa kuwalipa watu wa kumkalia.

Kioo kina kasoro moja. Lazima ujikodolee macho ili ujione, kwa hiyo picha zote zinatoka na ukali ule ule wa mtu anayetafuta kosa. Ukishachoka kujiona umenuna, hamia kwa watu wa nyumbani.

Mtu anayekukalia anahitaji kupumzika kila baada ya dakika ishirini au ishirini na tano. Zungushia miguu yake na miguu ya kiti utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni ili akirudi akae pale pale. Mwanga uwe mmoja, utoke upande mmoja na juu kidogo ya kichwa. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja ndilo bora kuliko taa zote, kwa sababu mwanga wake haubadiliki haraka. Mwache azungumze. Wengi huwaambia watu wakae kimya kama wanapigwa picha ya kitambulisho, kisha wanashangaa sura kufanana na ya kitambulisho. Mdomo utauchora mwisho, siku ambayo umeshamsikiliza vya kutosha kujua unavyokaa ukitulia.

Usianze na jicho. Finya macho yako hadi uone ukungu, kisha tafuta umbo moja la kivuli: mara nyingi linaanzia kwenye shimo la jicho, linashuka ubavuni mwa pua, linakata shavu na kumalizikia shingoni, lote likiwa kipande kimoja. Lipake hilo kwanza kwa rangi moja. Likikaa sawa, mtu ataanza kutambulika kabla hujaweka pua wala jicho, na siku utakapoona hilo kwa macho yako hutahitaji tena ushauri wangu kuhusu mfanano. Vile vipimo unavyovijua, kwamba macho ya mtu mzima yako katikati ya urefu wa kichwa, kwamba masikio yanakaa kati ya usawa wa nyusi na wa chini ya pua, ni vya kukagulia tu. Ukijenga uso kwa vipimo hivyo utapata uso wa watu wote, ambao ni uso wa hakuna mtu.

Kuhusu rangi sitasema mengi isipokuwa pale panapouma. Punguza. Anders Zorn wa Uswidi anahusishwa na rangi nne tu: nyeupe, oka ya njano, nyekundu ya vamilioni na nyeusi. Kwa hizo nne unaweza kuchora ngozi karibu yoyote, na kwa sababu nyeusi yake huelekea buluu ikichanganywa na nyeupe, hata buluu hutaikosa sana. Faida kwako ni kwamba picha zitakazochorwa kwa rangi chache hizo hizo zitafanana ukoo zikikaa ukuta mmoja.

Panapouma ni ngozi nyeusi, ambayo vitabu vingi vya kufundishia huipitia kwa aya moja. Kosa la kwanza ni kuiangaza kwa nyeupe. Ngozi inapauka kama imepakwa jivu. Panapotakiwa mwanga kidogo panda kwa oka au nyekundu iliyochangamka kwanza, nyeupe iingie mwisho kabisa na kwa uchache. Kosa la pili ni kuitia kivuli kwa nyeusi ya kwenye mrija. Amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea) na buluu ya altramarini zinatoa giza zito ambalo unaweza kuligeuza liwe la joto au la baridi kadiri unavyotaka. La tatu ndilo la kutazama kwa makini: ngozi nyeusi inayong'aa hurudisha rangi ya kinachoimulika. Karibu na dirisha, ule mng'ao kwenye paji la uso na juu ya mfupa wa shavu ni wa buluu ya mbingu. Chini ya taa ya manjano ni wa dhahabu. Mwenye kupaka mng'ao mweupe kila mahali anachora plastiki.

Ukibabaika na rangi, kumbuka kwamba mfanano haukai kwenye rangi. Amy Sherald wa Marekani hupaka ngozi ya watu wake kwa kijivu. Ndivyo alivyomchora Michelle Obama kwenye picha rasmi iliyozinduliwa mwaka 2018. Ngozi ya mtu huyo si kijivu na hakuna asiyelijua hilo. Mwanga na giza vikiwa mahali pake, rangi inakuwa uamuzi wako.

Sasa ukumbi. Unauliza utundike zote ili watu waone ulivyokua. Naelewa hamu hiyo, lakini kukua kwako ni habari ya nyumbani. Mgeni hana kumbukumbu ya ulivyokuwa, kwa hiyo mbele ya picha arobaini na sita dhaifu na nne nzuri atakukadiria kwa zile arobaini na sita. Kama unataka lazima watu waone safari, ionyeshe kwa ukali: mtafute mtu mmoja uliyemchora ukiwa na miaka 11 au 12, mchore tena mwaka huu, akiwa amekaa mbele yako, kisha zitundike mbili hizo pamoja, kando ya mlango. Za umri huo zilizobaki zirudi kwenye boksi. Usizitupe hata moja. Utazihitaji ukiwa na miaka arobaini.

Zaidi ya hapo maonyesho yanataka jambo moja la kusema. Mwezi Februari 1900, kule Barcelona, Pablo Picasso akiwa na miaka 18 alifanya maonyesho yake ya kwanza makubwa ya peke yake katika baa iitwayo Els Quatre Gats. Sehemu kubwa ilikuwa michoro ya mkaa na rangi ya maji ya rafiki zake: waandishi, wachoraji, wanywaji wa pale pale. Michoro ilibandikwa ukutani bila fremu. Haikuleta utajiri wala sifa kubwa. Ila tazama alivyofanya: alichora kundi moja la watu na kulionyesha mahali ambapo kundi hilo hukaa. Pia palikuwapo mchoro wake mmoja mkubwa wa mafuta wa mtu anayekaribia kufa, uliochaguliwa kupelekwa Paris mwaka huo huo kwenye Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1903 aliufunika kwa rangi na kuchora picha nyingine, La Vie, juu yake, na leo unaonekana kwa eksirei tu. Kazi iliyompeleka Paris haikumzuia kuitumia kanvasi yake upya. Nakuachia uone hilo linakufaa vipi.

Zaidi ya karne tatu kabla yake, mwaka 1555, Sofonisba Anguissola wa Italia aliwachora dada zake wakicheza sataranji. Mwanamke wa zama zake hakuruhusiwa kuchora mwili wa mtu uchi studioni kama wanaume walivyofanya, kwa hiyo mlango wa michoro mikubwa ya kihistoria ulikuwa umefungwa kwake. Akaichukua nyumba yao na kuifanya ndiyo mada. Kwenye picha ile mdogo anacheka kwa kumwona dada yake akishindwa, na kicheko kile mtu hakibuni, amekiona mezani.

Nakupendekezea basi uchague kundi dogo unalolifikia kila wiki, tuseme watu wa nyumba moja, au wanafunzi wenzako wanne na walimu wawili. Chora kazi kumi hadi kumi na mbili kwa ukubwa mmoja au miwili tu, kila mmoja kwa mwanga wa dirisha lile lile. Ukumbi mdogo hautaki zaidi. Baadhi ya watu wachore mara mbili, kwani picha ya pili ya mtu huwa na ujasiri ambao ya kwanza haikuwa nao. Ongeza ukuta mmoja wa michoro ya mkaa ya vikao, ile ya haraka, yenye mistari iliyokosea na kurekebishwa. Wageni watasimama hapo kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia.

Wakati wa kuchagua, zipange picha zote sakafuni juu chini, miguu ikiwa juu. Uso uliopinduliwa hauwezi kukuhonga kwa tabasamu. Unaona kama umbo limekaa au limeanguka. Halafu zitazame kwenye kioo, na zile ambazo jicho moja linaonekana limepanda zitajisema zenyewe. Mwite mtu mmoja anayejua kuchora na mmoja asiyejua. Wa pili usimuulize ipi nzuri. Muulize ni nani kati ya watu hawa angependa kuzungumza naye.

Bango lisiandike umri wako. Kuna watakaokuambia umri ndio utakaoleta watu, na ni kweli utawaleta, lakini watakuja kutazama umri. John Everett Millais, mchoraji wa Uingereza, aliingia shule za sanaa za Royal Academy mjini London mwaka 1840 akiwa na miaka 11, mdogo kuliko wote waliowahi kupokelewa, na sifa hiyo ingekuwa imeisha akifika ishirini kama asingekuwa na lingine la kuonyesha. Upande wa pili yupo Frida Kahlo wa Meksiko, aliyeanza kuchora kwa dhati kitandani baada ya ajali ya basi mwaka 1925, akafanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake mwaka 1938 mjini New York, akiwa amepita miaka thelathini. Anayetaka kujua umri wako atausoma kwenye maelezo mafupi karibu na mlango, herufi za kawaida, sentensi ya pili.

Kalenda yako ihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma, kwa sababu rangi za mafuta hazina haraka. Hazikauki kwa kupoteza maji. Mafuta yake huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu. Tabaka jembamba la amba hushikika baada ya siku chache, ilhali nyeupe ya titani au nyeusi iliyopakwa nene inaweza kukaa wiki kadhaa ikiwa bado laini kwa ndani. Kazi ya mwisho imalizike angalau wiki sita kabla ya kutundika. Tabaka za chini ziwe na mafuta machache kuliko za juu, la sivyo juu patakauka kwanza na kupasuka. Ukitaka kwenda kasi, msingi wa akriliki chini ya mafuta ni sawa, lakini akriliki juu ya mafuta haishiki, usijaribu hata kwa kurekebisha doa. Vanishi ya mwisho hungoja miezi sita au zaidi, kwa hiyo nyingi ya kazi zako zitatundikwa bila hiyo. Pale rangi ilipofifia na kuwa kavu, vanishi nyepesi ya muda inatosha.

Siku ya kutundika, pima sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni na hapo ndipo pawe katikati ya kila picha, kubwa kwa ndogo. Taa zielekezwe kwa mteremko wa nyuzi thelathini hivi kutoka juu ili mng'ao usimpige mgeni machoni. Rangi za mafuta zinang'aa kuliko akriliki ulizozizoea. Fremu ziwe nyembamba na za aina moja. Za dhahabu zenye mapambo mimi sizipendi kwa kijana, zinamzeesha. Kila kazi ipigwe picha safi kabla ya kuingia kwenye fremu, na nyuma yake iandikwe jina lako, jina la kazi, mwaka, aina ya rangi na vipimo.

Kabla ya yote hayo omba ruhusa. Mtu kukubali kukaa hakumaanishi amekubali sura yake itundikwe mbele za watu, na jina lake kuandikwa chini ni ruhusa ya tatu. Kwa watoto wazungumze wazazi. Ruhusa iwe ya maandishi, mistari miwili mitatu inatosha. Zile kazi ulizonakili kutoka picha za wapigapicha wengine ulizozikuta mtandaoni zitoe kwenye hesabu kabisa. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi sana zimejiunga nao, haki ya mpigapicha inaanza pale anapobonyeza kitufe, bila kujiandikisha popote.

Kisha jiandae kwa asiyependa alivyochorwa. Hutamkosa. Mwaka 1954 Bunge la Uingereza lilimzawadia Winston Churchill picha aliyochorwa na Graham Sutherland kwa kutimiza miaka 80. Aliichukia, na baadaye ikateketezwa kwa siri na upande wa familia yake. Wewe waonyeshe waliokukalia picha zao faragha, wiki mbili kabla. Akilalamikia pua, sikiliza, kisha irudie ukiwa naye mbele yako uone kama ana haki. Akisema tu anaonekana mzee, iache. Akisema hataki itundikwe kabisa, itoe bila ubishi na upange nyingine mahali pake. Hii ni sababu nyingine ya kuchora kumi na mbili wakati ukuta unataka kumi.

Kuhusu mnunuzi wa picha ya bibi, usimuuzie sasa. Kama picha hiyo imo kati ya zile tatu nne zinazostahili ukuta, ikitoka leo utaanza kuikimbilia kuiazima. Kama haimo, basi ni bora isizunguke na jina lako kabla ya kazi nzuri zaidi kuonekana. Mwambie kwa heshima kwamba mauzo yataanza siku ya ufunguzi, na amwulize bibi kwanza, kwa sababu uso ni wake. Siku hiyo bei zipange kwa ukubwa wa kanvasi, si kwa jinsi unavyoipenda kazi. Usiyotaka iondoke iandike "haiuzwi" badala ya kuitwisha bei ya kumkimbiza mtu. Uliza mapema kama wenye ukumbi wanachukua sehemu ya mauzo. Nyumba za biashara ya sanaa mara nyingi huchukua asilimia 40 hadi 50, ilhali kumbi za jamii huenda zisichukue kitu. Kwa kuwa hujafika miaka 18, mkataba wowote asaini pia mzazi au mlezi. Na katika nchi nyingi anayenunua kanvasi hanunui haki ya kuchapisha picha hiyo kwenye fulana na kalenda, isipokuwa mkataba useme hivyo, kwa hiyo usomeni pamoja mstari kwa mstari kabla ya kupokea pesa.